Kaptula Iliyofungwa Fundo la Bandarini

Juzi nilikwenda sokoni na mjukuu wangu kumnunulia soksi za shule, na pale kwenye meza ya muuza dawa za kienyeji palikuwa na chupa ya mafuta ya mbarika imeachwa wazi bila kizibo. Sikuiona. Pua ndiyo iliyoiona. Mate yakanijaa mdomoni, yale mate mepesi yanayotangulia kutapika, nikamshika mtoto mkono nikamvuta upande wa pili wa njia, tukapita kati ya mafungu ya ming'oko, vile viazi vya porini, na samaki wakavu, mpaka nikapata ukuta wa kuegemea. "Babu, umeona nini?" akaniuliza. Nikamwambia sijaona kitu. Mtu wa umri wangu, mwenye fimbo na miwani, atamwambiaje mtoto wa darasa la pili kwamba ameikimbia chupa?

Lakini wewe nitakuambia. Huenda nawe uliwahi kuzibwa pua na kumiminiwa kitu kooni siku chache kabla ya shule kufunguliwa.

Kwetu Ufukoni, Mtwara, miaka ile michache baada ya Uhuru, mtoto hakupelekwa shuleni na tumbo la likizo. Likizo ya mwisho wa mwaka ilikuwa msimu wa mabibo na maembe, na sisi tulikula kama wadudu. Tulikula mabibo mpaka midomo ikachubuka kwa yale mafuta makali ya ganda la korosho. Tulikula maembe yaliyoanguka, tukiwafukuza nzi kwa mkono mmoja na kubana kokwa kwa mkono wa pili. Tulikula na kochoko, mabibo yaliyokaushwa juani, ambayo ukiyachunguza vizuri hukosi kumkuta mwenyeji ndani yake anatembea. Wazee waliamini vyote hivyo havitoki. Vinakaa tumboni, vinachacha kama mitungi ya wapika pombe, vinazaa minyoo, na mtoto mwenye minyoo hata mwalimu akipasua koo hasikii kitu. Kwa hiyo kabla ya kufungua shule, tumbo lilioshwa. Ndivyo walivyosema, kuoshwa, kama vile ni sufuria. Wiki nzima mtaa ulinuka, na ungeweza kumjua aliyeoshwa jana kwa namna alivyotembea, miguu imeachana, macho yametumbukia ndani.

Nyumba nyingine zilikuwa na dawa moja. Yetu ilikuwa na waganga watatu wasioaminiana.

Bibi, mama yake baba, alivuka Ruvuma akiwa msichana, akitokea upande wa Msumbiji, na alivuka, kwa maneno yake mwenyewe, na mbegu za mbarika zimefungwa kwenye pindo la nguo. Aliziotesha nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna kitu kilichokosa mbolea. Alizikaanga, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta yaliyoelea juu. Yalikuwa mazito, ya manjano, yanavutika kama kamasi la mtoto mwenye mafua, na yakipita kooni hayapiti yakaisha. Yanabaki pale, yamekulalia, na kila ukimeza mate unayakuta.

Mama alikuwa mtu wa Mikindani, na aliamini ustaarabu ulishukia Mikindani ukachoka hapo hapo, haukufika kwingine. Mbarika kwake ilikuwa dawa ya mwituni. Yeye alitumia sanamaki, majani makavu aliyoyachemsha mpaka maji yakawa na rangi ya mtaro. Aliyachuja kwa kitambaa, lakini siku zote kulibaki utelezi chini ya kikombe, na utelezi huo ndio aliosema una nguvu zaidi. "Malizia, malizia hapo chini, ndiyo yenyewe hiyo."

Baba alikuwa kuli bandarini. Aliamini kila kilichokuja kwa meli. Dawa yake ilikuwa chumvi ya haluli kutoka dukani, nyeupe, inang'aa, ukiitazama ungedhani ni sukari. Ukiionja ungedhani umelamba ukuta wa choo cha zamani. "Dawa ya mabaharia," alisema. "Unawaona wale? Umeona mmoja wao ana minyoo?" Mimi sikuwahi kuyaona matumbo ya mabaharia, nikakubali.

Miaka mingine walipokezana, kwa ugomvi mdogo mdogo wa jikoni, na aliyeshinda ndiye aliyeniosha. Mwaka ninaousimulia mimi nilikuwa nimechaguliwa kuingia darasa la tano. Labda umesahau neno hilo lilivyokuwa zito. Ukimaliza la nne ulifanya mtihani, na wengi waliishia pale pale, wakarudi kwenye mikorosho na nyavu. Mimi nilipita, lakini nilipita kwa kukwaruza. Jina langu lilikuwa la mwisho kabisa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Na mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa na sheria moja iliyojulikana mji mzima: siku ya kwanza majina yanaitwa, na asiyekuwapo mstarini kuitika, nafasi yake anapewa mtoto mwingine hapo hapo. Ndiyo maana siku hiyo wale waliokosa walikuja pia, wamevaa sare kamili, wakasimama nje ya uzio wa minyaa pamoja na wazazi wao, wakiomba Mungu mtu aumwe.

Wa kwanza kati yao alikuwa mtoto wa jirani yetu fundi cherehani. Jina lake lilikuwa linafuata langu. Tulicheza pamoja, tuliiba maembe pamoja, na baba yake ndiye aliyenishonea kaptula ya kaki. Baba alipoiona alifurahi kwa sababu ilikuwa kubwa.

"Jirani," fundi alimwambia, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, "kaptula hii ataingia yeye na mwenzake."

"Iache. Ataikulia."

"Atakua lini huyu? Mnamlisha ming'oko tu."

"Atakua akiwa la tano," baba akasema. Fundi akacheka kidogo, akarudi kwenye cherehani yake. Mwanawe alikuwa ameshika kitambaa upande wa pili, akakitazama kile kitambaa bila kuinua macho.

Sasa, mwaka huo kila mmoja nyumbani alikuwa mbali na mwenzake. Baba alikuwa anapakia korosho melini, anarudi kulala tu. Mama alikwenda Mikindani kwenye harusi. Bibi alikuwa shamba, upande wa Nanyamba, kuokota korosho za mwisho. Wote wakakutana nyumbani Jumapili, kesho yake shule inafunguliwa, na kila mmoja akakumbuka kimoyomoyo kwamba mtoto hajaoshwa. Kila mmoja aliogopa lawama. Na kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, kila mmoja akazidisha kipimo.

Bibi alinivuta nyuma ya nyumba alasiri. "Mume wangu, njoo," maana hivyo ndivyo alivyoniita maisha yangu yote. "Fumba macho. Mama yako akijua atasema mimi mshenzi, kwa hiyo hajui." Nikameza mbarika, vijiko siwezi kusema vingapi, nikatapika kidogo, akaniongezea cha kulipia nilichotapika. Kisha akanipa kashata ya korosho, kubwa kama kiganja.

Baada ya magharibi, mama akaniita chumbani. "Bibi yako asisikie, ataanza na mafuta yake yale ya kupaka milango." Sanamaki, pamoja na utelezi wa chini. Kisha visheti viwili vilivyotoka harusini, sukari imegandia juu.

Baba akanikuta barazani nimeinama. Akadhani nina hofu ya shule. Alikoroga haluli kwenye kikombe cha bati kwa kidole chake, kidole kile kile kilichoshika magunia siku nzima, akasema, "Wanawake hawa wamesahau, mimi sijasahau." Baada yake akatoa soda. Chupa nzima, peke yangu. Nilikuwa sijawahi kunywa soda bila kugawana na mtu.

Sasa utaniuliza mdomo wangu ulikuwa wapi. Mdomo ulikuwa unatafuna. Ningeweza kusema neno moja tu, nimeshapewa, na yasingetokea yote haya. Lakini nilijua neno hilo lingenikosesha visheti, halafu likanikosesha soda. Nilikuwa mtoto mlafi. Siwasingizii wao peke yao.

Usiku nilitoka mara nyingi, na kila nilipotoka mmoja wa wale watatu alijigeuza kitandani kwa raha akijua dawa yake inafanya kazi. Choo chetu kilikuwa cha shimo, kimezungushiwa makuti, na mende wake walikuwa hawaogopi mtu, walikupanda miguuni kama wanaompokea mgeni. Sitaki kukieleza zaidi. Kulipokucha tumbo lilikuwa limenyamaza. Mama akaona uso wangu umesinyaa, akasema tumbo tupu halisomi, akanijaza muhogo wa nazi na papa mkavu na chai ya maziwa. Nikala chote. Hata sasa nikifikiria ile nazi ikiteremka kwenda kukutana na vile vilivyokuwa vinangoja chini, ngozi inanisisimka.

Kaptula ilikuwa imetiwa wanga wa muhogo, ikapigwa pasi ya mkaa, imekaza kama ubao. Lakini kiunoni ilikuwa pipa. Mkanda hatukuwa nao. Baba akachukua kamba ya katani, ile ya kufungia mizigo, akaipitisha kwenye vitanzi vya kaptula, akanifunga fundo. Nalo halikuwa fundo la mtu wa kawaida. Lilikuwa la bandarini, alilofungia magunia yanayopandishwa na winchi juu ya vichwa vya watu. Unavyolivuta ndivyo linavyozidi kukaza, na kulifungua kuna namna yake, kidole kinaingia hapa, kingine kinasukuma pale. Mimi sikuijua.

"Baba, linabana."

"Libane. Gunia likifunguka hewani mtu anakufa."

Akachukua kulabu yake ya kazi, akaitundika begani, akanisindikiza. Kutoka shuleni angekwenda moja kwa moja bandarini.

Uwanja wa shule ulikuwa mchanga mweupe, na jua la Januari, baada ya mvua ya usiku, lilikuwa linautoa mvuke. Tulipangwa mistari. Wazazi wakabaki nje ya uzio, baba akiwa kati yao, na hatua chache kando yake alisimama mtoto wa fundi, peke yake, sare yake imemkaa kama imemwagwa mwilini, maana hakuna mtoto aliyevaa vizuri kuliko mtoto wa fundi cherehani. Mwalimu mkuu alikuwa mfupi, soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini. Alipita akitazama kucha, masikio, meno. Aliponifikia akasimama, akaigusa kamba yangu kwa ncha ya fimbo.

"Hii nini? Umefungwa wewe, au umetoroka na kamba ya mbuzi?"

Watoto wakacheka. Na mimi, nikijikaza nisilie, nikakaza na tumbo. Pale ndipo lilipoamka.

Kwanza lilisema. Mwenzangu wa mbele aligeuka kunitazama, akadhani nimemwita. Kisha likaja jasho, jasho baridi katika jua lile, na nywele za mikono zikasimama. Harufu ya mbarika ikapanda kutoka ndani, ikanifika puani kwa njia ya nyuma, ikakutana na ladha ya papa mkavu. Mwalimu mkuu akaanza kuita majina kutoka juu. Mtu anaitwa, anasema "Nipo, Mwalimu," anahamia upande wa pili. Mmoja. Mwingine. Nami ni wa mwisho. Kuondoka mstarini nisingeweza, kwa kuwa nikiondoka nafasi inavuka uzio. Na hata ningeondoka, chooni ningefanya nini na kamba ile? Niliingiza vidole chini ya shati, nikavuta fundo. Likakaza. Nikavuta tena. Likanikata tumbo, na tumbo halikupenda.

Nilitazama uzioni. Baba alikuwa ananitazama, ametabasamu, akadhani nimenyooka vile kwa heshima. Mtoto wa fundi naye alikuwa ananitazama, lakini yeye aliona. Alinijua. Alikuwa ameniona nikibana hivyo juu ya mwembe wa watu. Akauma mdomo, macho yake yakaenda kwa mwalimu, yakarudi kwangu, yakaenda kwa mwalimu.

Jina langu likaitwa.

Nikafungua mdomo, nikasema "Nipo!" kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Zilikuwa ndizo hizo tu. Sikubakiwa na nyingine za kushikia kitu.

Ndugu yangu, nitasema kidogo tu. Wanga wa muhogo ukipata maji ya moto unakuwa uji. Kaptula iliyokuwa ubao ikalainika, ikanigandia, na kilichotoka kikateremka miguu yote miwili, cha manjano, chenye mafuta juu yanayong'aa juani, mpaka kwenye mchanga mweupe. Mstari ulitawanyika kama umemwagiwa siafu. Mmoja alitapika, na kwa kumwona yeye mwingine naye akatapika. Nzi walifika kabla ya walimu. Nilisimama katikati, peke yangu, na nilichofikiria ni kimoja: nimeitika.

Baba alipita katikati ya minyaa. Hakuzunguka mlangoni, alipasua uzio, maziwa ya minyaa yakamchuruzikia mikononi. Akapiga magoti mbele yangu akalishika fundo lake. Lilikuwa limelowa, katani imevimba. Alisukuma kidole hapa, akasukuma pale, halikujibu. Basi akainamisha kichwa akaliuma kwa meno. Uso wake ulikuwa pale pale, nawe unajua pale ni wapi, na aliendelea kuuma na kutema, kuuma na kutema, huku watoto wa watu wakipiga kelele za kinyaa. Mwisho akachukua kulabu, akaichomeka chini ya kamba, akavuta. Kamba ikakatika. Kaptula nayo ikapasuka kutoka kiunoni mpaka pajani.

"Wewe ndiye baba yake?" Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mbali, leso puani.

"Ndiyo mimi, Mwalimu."

"Mtoto unamlisha nini?"

Baba akafikiri. "Mama yake anampa muhogo," akasema, na haluli hakuitaja.

Mwalimu mkuu akaniangalia kwa muda. Nadhani alikuwa anatafuta sheria yake inasemaje. "Ameitika," akasema mwisho, "hilo nimesikia. Lakini simwandiki mtu katika hali hii. Kengele ya mchana imkute hapa, msafi, na sare yake. Isipomkuta, yule pale anaingia." Akaelekeza fimbo uzioni. Mtoto wa fundi akanyoosha shati lake.

Baba alinitupa begani kama gunia. Nikahisi mgongo wake unalowa chini yangu, nikamwambia baba, ninakuchafua. "Nimebeba mbolea," akasema. "Nimebeba samaki wa ng'onda wenye funza. Huu ni mzigo kama mizigo." Watu njiani walitupisha, wanawake bombani wakainua ndoo zao. Alinipeleka baharini moja kwa moja. Maji yalikuwa yamekupwa, tukatembea kwenye tope mpaka yalipofika magotini, akanisugua kwa mchanga kama anasugua sufuria, na visamaki vidogo vikaja vikitushangilia. Sijapenda kuoga bahari mahali pale tena.

Nyumbani moto ukawaka.

"Ni muhogo wako!" bibi akamwambia mama. "Mtoto nimemsafisha vizuri, wewe unamjaza nazi!"

"Umemsafisha? Kwa dawa gani?"

Bibi akachukua kata, akachota maji mtungini.

"Mama, umempa mbarika?"

"Kidogo."

"Lakini mimi nimempa sanamaki!"

"Yale majani yako ya Waarabu? Unataka kuniulia mume?"

"Na mafuta yako ya mwituni je? Mtoto ananuka kama bawaba!"

Walikuwa wanakaribiana, bibi na kata mkononi, mama kajifunga kanga kiunoni, ndipo baba aliposema kwa sauti ndogo, akitazama chini, "Na haluli." Wote wawili wakamgeukia. Sijui nani alianza kucheka. Nadhani bibi. Alicheka mpaka akakaa chini, mama naye akaegemea mlango, na baba amesimama pale na shati lile mgongoni, nzi wakimzunguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa uchi, nimechutama mlangoni mwa choo, nawachukia wote watatu.

Kicheko kiliisha mama alipoinua kaptula kwa ncha ya kijiti. Ilikuwa moja tu. Aliifua ikafulika, lakini ule mpasuko usingeshoneka kwa sindano ya mkono hata siku nzima, na jua lilikuwa linapanda. Cherehani ya karibu ilikuwa moja, barazani kwa jirani. Baba akasema hawezi kwenda. Mama akasema atakwendaje, kwa macho gani, kumwomba mtu ashone nguo itakayomfungia mlango mwanawe.

Bibi akaichukua ikiwa imelowa. "Nitakwenda mimi. Mimi mzee, nimeshazoea aibu." Akanivuta mkono, nimefungwa kanga.

Fundi alikuwa peke yake. Aliiona kaptula kabla hajatuona sisi, na harufu ikamfika, kwa sababu sabuni ya mama haikuwa imeishinda mbarika. Akaziba pua kwa kitambaa. Akaniangalia mimi, akaelewa.

"Mama, mwanangu yuko uzioni," akasema.

"Najua, mwanangu. Ningekuwa sijui ningemtuma mtoto."

Alitazama barabara ya kwenda shule, mchanga mtupu, jua. Alitazama hivyo mpaka mimi nikaanza kutamani aseme hapana, yaishe. Kisha akajifunga kitambaa puani kwa fundo nyuma ya kisogo, akaichukua ile kaptula kwa vidole viwili, akaiweka chini ya sindano. Uzi uliokuwa kwenye cherehani ulikuwa mweusi. Hakuubadilisha. Alishona huku akigeuza uso pembeni kupumua, akajirudia mara ya pili, akapunguza kiuno, akatia kifungo. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, na bibi aliniambia baadaye ni harufu.

"Haya, ondokeni na uvundo wenu," akasema. "Na mwambie yule kuli asinifungie mtu kamba. Kifungo kipo."

Mama aliipiga pasi ikiwa mbichi. Hujanusa kitu mpaka unuse kaki iliyoharishiwa ikipigwa pasi ya mkaa. Nilipewa tambara la kuweka ndani, ikiwa tumbo lingekumbuka kitu, tukakimbia na baba, mimi mbele, miguu imeachana.

Kengele ilikuwa haijalia. Wa uzioni walikuwa wameshaondoka, amebaki mmoja. Nilipita karibu naye sana kwa sababu mlango ulikuwa pale. Alinitazama usoni, akateremsha macho, akaona uzi mweusi. Yule mtoto alishika kitambaa kwa baba yake kila siku ya maisha yake. Hakuhitaji kuuliza ule ni mkono wa nani. Akageuka akaenda zake, taratibu, akishika mikono mbali na mwili asichafue sare.

Niliingia. Niliandikwa. Miaka yote ya shule ile waliniita Haluli, na kwa jina hilo nilifika sekondari, na kwa sekondari hiyo nikapata meza na kiti katika ofisi ya mbali. Yeye alishona na baba yake, halafu akaenda Nanyamba kwa wajomba zake, kwenye mikorosho. Tulipokutana tulisalimiana, tukaulizana hali za nyumbani. Sikuwahi kumshukuru baba yake. Nilikuwa naionea kinyaa ile kaptula na ule uzi mweusi, na nilipopata nyingine niliitupa chooni, ndani ya lile shimo, nikaisikia inavyodondoka. Nilirudi Mtwara na nywele nyeupe, fundi hayupo, barazani kwake pamejengwa duka la simu.

Bibi hayupo, na mibarika yake ilikatwa pamoja na choo. Bandarini magunia hayabebwi tena mgongoni kama zamani. Mjukuu wangu jana alipewa kidonge kimoja kitamu cha minyoo, akatafuna, akaomba kingine. Sina la kulalamika. Sitamani mtoto yeyote anywe nilivyokunywa. Ila wanangu mimi walifungua shule miaka yote ile bila kisa hata kimoja, na sababu naijua. Nilituma fedha ya sare. Sikuwahi kumvalisha hata mmoja wao.

Leo asubuhi sketi ya mjukuu ilikuwa kubwa kiunoni. Mama yake amesema ataikulia. Nikasema leteni kamba, nikaipitisha kwenye vitanzi, nikajaribu fundo la baba. Vidole vilikumbuka mwanzo wake, vikafika katikati vikasimama. Nikafunga nilivyoweza. Mtoto akatembea hatua chache kuelekea mlangoni, kamba ikafumuka, sketi ikateremka, akaishika kwa mikono miwili akicheka.

"Babu, hujui kufunga!"

Nikamwambia arudi, nijaribu tena. Alikuwa amechelewa, mama yake akambana kwa pini, wakaondoka. Nimebaki na kamba mkononi. Nimekuwa nikiifunga na kuifungua tangu asubuhi.